Weusi Usiokuwa wa Korosho

Mke wangu alifariki wakati mabibo yanaanza kuanguka, akaacha nusu gunia la korosho alizokuwa amezikausha kwa ajili ya kubangua. Naanzia hapo. Mtu aliyesoma angeanza na ugonjwa wenyewe, lakini mimi niliishia darasa la nne, baba akanitoa nikalime, kwa hiyo naandika kama ninavyosimulia. Nikipotea njiani nitarudi.

Lile nusu gunia sikutaka kumpa mtu. Kubangua kwa mkono huku kwetu Mnyambe, Newala, ni kazi ya wanawake. Unazikaanga kwenye kipande cha debe mpaka ziwake moto zenyewe, moshi wake unakwangua koo, unazimwaga mchangani zizimike, halafu unakaa chini unagonga moja moja juu ya jiwe. Ganda lina mafuta makali. Yakikushika yanaunguza, ngozi inakuwa nyeusi kama lami, kisha inabambuka. Wanawake hujipaka majivu mikononi kwanza. Mimi nimekula korosho za mke wangu miaka arobaini, na sikuwahi kuona kwamba anajipaka majivu. Nikabangua mikono mitupu.

Wapita njia walicheka. Mzee mmoja wa rika langu alisimama na baiskeli yake, akaniangalia.

"Bwana, umehamia jikoni?"

"Nimehamia."

"Basi ukimaliza hizo uje unibangulie na zangu, mke wangu mvivu sana."

Halafu akakumbuka kwa nini nimekaa pale, akakagua tairi lake ambalo halikuwa na tatizo lolote, akaondoka.

Niseme na hili, maana bila hili mengine hayataeleweka. Mimi si wa Mnyambe. Nimezaliwa Nanganga, kule chini barabarani. Nilipanda huku juu kwa sababu ya kuoa. Kwa watu wa huku, na kwetu Wamakua vilevile, kwa desturi ya zamani mwanamume ndiye anayefuata mke. Unajenga kwa wakwe, unalima ardhi ya wakwe, na watoto wanahesabiwa ukoo wa mama yao. Si vibaya, mke akiwa hai. Akifa ndipo unagundua kwamba miaka yote hiyo ulikuwa mgeni, na mwenyeji wako ameondoka.

Hakuna aliyenifukuza. Wakwe zangu ni watu wema. Ila arobaini ilipopita, kila mtu alirudi kwenye mambo yake. Mdogo wa marehemu, ambaye uwanja wake na wangu unatenganishwa na mstari wa mihogo tu, alikuwa akiniletea ugali kila mchana. Baada ya arobaini akaacha. Naye ni mjane. Angeendelea, watu wangesema amerithishwa mume wa dada yake. Basi yeye akapika kwake, mimi nikapika kwangu, na kila mmoja akawa anajua mboga ya mwenzake kwa harufu.

Nina binti mmoja tu, yuko Dar es Salaam. Hupiga simu Jumapili. "Baba, unakula?" Nami humjibu nakula. Hilo lilikuwa kweli kwa muda, kisha likawa uongo.

Uchovu ulikuja polepole. Mwanzo nilidhani ni korosho. Nilipomaliza korosho, mwezi wa kwanza, nikadhani ni palizi. Kwenye palizi nikawa nalima mstari mmoja napumzika, halafu nusu mstari. Mwishowe nilikuwa naenda shambani kukaa tu. Uchovu ule haukuwa wa kazi. Uchovu wa kazi ukilala unaondoka. Huu nilikuwa naamka nao asubuhi, tena asubuhi ndipo unapokuwa mkubwa zaidi, nakaa ukingoni mwa kitanda nikijiuliza kama kuvaa viatu kuna maana yoyote.

Chakula kikanishinda. Tumbo likawa linauma bila kuharisha, kichefuchefu kinakuja na kuondoka. Mkanda wangu niliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Lakini kitu kimoja nilikitamani mno, nacho ni chumvi. Nilitia chumvi kwenye uji, kwenye maembe, nikaanza kuitia hata kwenye chai. Nilikuwa natembea na chumvi mfukoni, nimeifunga kwenye karatasi, nalamba kama mbuzi. Mwenye duka pale njia panda, mtu wa swala tano na utani mwingi, aliniuliza, "Mzee, unakausha samaki? Maana bahari mimi huku siioni."

Hata mdogo wa marehemu alinirushia maneno kutoka ng'ambo ya mihogo. Aliniona nalamba.

"Shemeji, una mimba?"

"Ndiyo, ya miezi minne."

"Basi utuzalie wa kike, tuna upungufu."

Nilicheka. Nakumbuka kucheka kule kwa sababu kulinichosha, ikabidi nikae chini.

Kila aliyeniona alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa moja. Mawazo. Mzee ana mawazo. Mawazo yanammaliza. Wengine walisema waziwazi kwamba mwenzangu ananiita. Walilisema kwa heshima, kwa sauti ya chini, na mimi, niseme ukweli maana katika umri huu uongo haunisaidii, nililipenda neno hilo. Kuwa mume anayekondeana kwa ajili ya mkewe ni jambo la heshima. Mke wangu nilimpenda lakini sikuwahi kumwambia, sikujua linaambiwaje, na sasa mwili wangu ulikuwa unamwambia kwa niaba yangu, mbele ya watu wote. Nilikuwa nalala mchana nikisema moyoni, subiri kidogo, nakuja.

Jumapili moja baada ya Pasaka nikaanguka kanisani. Padri alipofika kwenye Injili tukasimama wote, macho yangu yakaingia giza, nikasikia "kama ilivyoandikwa na" na sikusikia ni nani aliyeandika. Nilipofumbua macho, wamama wanne walikuwa wananipepea kwa vitenge vyao. Mmoja alikuwa analia, akisema, "Angalieni mapenzi, jamani."

Vijana wa kanisani wakanipeleka zahanati. Daktari wa pale ni binti mdogo, naye ni mtu wa Newala hapahapa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Imekuwaje?"

"Nilisimama kwa ajili ya Injili, nikajikuta nimelala."

Akanipima malaria, hakuna. Sukari ilikuwa chini kidogo. Akanipima presha nimelala, halafu akanisimamisha akaipima tena, na presha iliposhuka alinikalisha haraka kabla sijamwangukia. Aliandika. Kisha akaushika mkono wangu ili ahesabu mapigo, na hakuuachia.

"Babu, hii mikono imefanya nini?"

"Korosho, mama. Nilibangua za marehemu."

"Lini?"

"Nilimaliza mwezi wa kwanza."

"Sasa ni mwezi wa tano." Akaupeleka mkono wangu dirishani kwenye mwanga. "Mimi mama yangu alinisomesha kwa kubangua. Nimeiosha mikono yake tangu nikiwa mdogo. Mafuta ya korosho yanabambuka na ngozi, wiki tatu, nne, yameisha. Tena yanakaa kwenye vidole. Weusi wako umeingia kwenye mistari ya kiganja. Hii si korosho."

Mimi ni mweusi, hilo niliseme, na weusi juu ya mweusi nani atauona. Nilikuwa nimeiona mistari ile ikikolea kama imechorwa kwa wino, nikaendelea kuisugua kwa majani ya mpapai nikidhani ni uzembe wangu wa kutojipaka majivu. Na majirani wote waliiona. Sehemu nyingine ya nchi pengine mtu angeshtuka. Huku kwetu mkono mweusi ni wa korosho, basi, hakuna anayeuliza.

"Fungua mdomo, babu." Akamulika kwa simu. "Fizi zako ziko hivi tangu zamani? Hizi nyeusi nyeusi hapa, na hapa shavuni kwa ndani?"

"Sijui."

"Nani anaweza kujua?"

Nikafikiri sana. Mtu ana watu wangapi waliomwona ndani ya mdomo? Aliyejua fizi zangu zina rangi gani tulikuwa tumemzika. Nikamwambia hivyo, naye akainamisha kichwa kidogo, lakini hakuacha kazi yake. Akanikunja suruali. Kwenye ugoko nina kovu la jembe la tangu ujana, na kovu lile siku zote lilikuwa jeupe kuliko ngozi yangu. Lilikuwa limegeuka kama mkaa.

"Mimi nina mawazo tu, mama," nikasema. "Nimefiwa."

"Pole sana babu. Lakini mawazo hayafanyi fizi kuwa nyeusi."

Akaniuliza kama niliwahi kuugua kifua kikuu. Nikamwambia ndiyo, zamani, nilimeza dawa mpaka nikamaliza. Akaniuliza kama nimekuwa nikinunua dukani vidonge vya pumu au vya viungo, nikavitumia miezi mingi, kisha nikaviacha ghafla. Hapana. Akasema kuna tezi mbili ndogo juu ya figo, moja kila upande, zimekaa kama kofia. Zinatoa homoni inayoitwa kortisoli, inayousaidia mwili kusimama unapopata tabu. Njaa, homa, jeraha, msiba, vyote hivyo mwili unavibeba kwa homoni hiyo. Ikipungua, mtu anakuwa kama mimi.

"Sisemi ndiyo hiyo," akasema. "Aliyechoka tu simpeleki kupima, maana nani hajachoka. Lakini wewe umechoka, umekonda, ukisimama unaanguka, unatamani chumvi, na umekuwa mweusi mahali ambapo jua halifiki. Hayo yote kwa pamoja yanataka kupimwa, tena usikawie. Ukipata homa kali kabla hujatibiwa unaweza kufa siku hiyohiyo."

Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, upande wa Masasi. Nikaikunja, nikaiweka kwenye Biblia, nikakaa nayo siku kumi.

Sikusahau, nilikuwa nachagua. Barua ile ilikuwa inaniambia naweza kukaa, na mimi nilikuwa nimeshaaga. Nikae kwa nini, nifanye nini? Nilikuwa nainuka asubuhi, naitazama Biblia juu ya meza, nalamba chumvi, narudi kitandani.

Aliyeniinua ni kaka mkubwa wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo wao. Alikuja mchana mmoja na fimbo yake, akakaa, tukasalimiana kirefu. Akaulizia mikorosho. Akaulizia binti yangu. Halafu akasema, akitazama upande mwingine:

"Shemeji, kule kwenu Nanganga bado wapo watu?"

"Wapo. Watoto wa dada yangu."

"Namba yao ya simu unayo?"

"Ya nini?"

"Ya kuwa nayo tu."

"Shemeji, sema."

Akachora mchangani kwa fimbo. "Unajua mambo yetu. Mtu ni wa ukoo wa mama yake. Likitokea la kutokea, sisi hatuwezi kukuweka pale kwa marehemu bila wenyewe kusema. Wanaweza kukutaka. Sasa tusije tukaanza kutafutana siku yenyewe, na gari la kukodi, na jua hili."

Alisema kwa upole, na alikuwa na haki. Watu wa ukoo wangu wangenitaka. Wangekuja na gari, wangenishusha mteremko mpaka Nanganga, wangenizika kati ya mama yangu na watu waliokufa kabla sijamfahamu mke wangu. Miezi yote ile nilikuwa namwambia nakuja, nakuja, na njia niliyoishika haikuwa inakwenda kwake hata kidogo. Nilimpa namba ya simu. Kesho yake nikaita bodaboda.

Pale Newala mjini nikapanda basi la kushuka Masasi. Nilifika hospitali saa nane mchana, muuguzi akaisoma barua, akasema umechelewa, baba, damu ya kipimo hiki inatolewa asubuhi mapema. Homoni yenyewe hupanda alfajiri na hushuka kuelekea jioni. Ukiipima jioni utaikuta chini hata kwa mzima, ikudanganye. Kwa hiyo nitalazwa.

"Ndugu yako yuko wapi? Wa kukupikia?"

"Sina."

"Aliyekuleta?"

"Dereva wa basi, naye ameshageuza."

Alicheka, kisha akaona sikucheka. Hospitali zetu mnazijua. Mgonjwa huja na mtu, na mtu huja na sufuria. Nyuma ya wodi kuna mafiga, na pale wanapika wake, mabinti, mama wakwe, kila mmoja na mgonjwa wake. Mimi niliketi kitandani kwangu na barua. Mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mumewe alinimegea uji kikombe kimoja. Nikamshukuru, nikatoa chumvi yangu mfukoni nikatia. Akanitazama, akamtazama mumewe, akakisogeza kiti chake mbali nami kidogo.

Asubuhi wakatoa damu. Wakanichoma sindano ya kuziamsha zile tezi, wakatoa damu tena baadaye waone kama zimeamka. Damu ikasafirishwa mbali kwenda kupimwa, lakini daktari, mtu mzima mwenye miwani, alisema kwa hali yangu hangoji majibu. Akanianzishia dawa palepale. Siku ya pili niliamka nikasikia njaa. Njaa ya ugali, sio chumvi. Siku ya tatu nilitembea mpaka getini na kurudi. Nilikaa pale getini nikatazama magari yanayokwenda upande wa Nanganga, nikafikiri, nipande? Nikajiuliza nikifika nitambishia hodi nani, watoto wa dada walioniona mara mbili maishani? Nikarudi wodini.

Majibu yalipokuja yalikuwa yale aliyoyawaza binti wa zahanati. Kortisoli ilikuwa chini kabisa, na baada ya sindano haikupanda. Picha ikaonyesha tezi zimesinyaa. Kile kifua kikuu cha zamani kilipona kifuani, akasema daktari, lakini kabla hakijapona kilishapita huko, na tezi zimekuwa zikifa taratibu kwa miaka. Msiba uliudai mwili, mwili ukaenda ghalani ukakuta hamna kitu.

Hapo nitasema jambo ambalo sikumwambia daktari. Sikufurahi. Nilihisi nimenyang'anywa. Nilidhani nimekonda kwa ajili ya mke wangu, kumbe ni tezi. Angekuwa hai ningekonda vilevile, pengine angeniona mapema zaidi, basi. Yule mama aliyelia kanisani alizililia tezi zangu. Niligeukia ukutani nikalia kama ambavyo sikulia msibani, na muuguzi akadhani nimeogopa dawa.

"Baba, ni vidonge tu," akasema. "Asubuhi na mchana."

"Mpaka lini?"

"Siku zote. Usiruke hata siku moja, na usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Ukipata homa unaongeza maradufu kama tulivyokuandikia. Ukitapika kidonge kisikae tumboni, hiyo ni sindano, unakimbizwa hospitali saa hiyohiyo." Wakanipa kadi ya kutembea nayo, imeandikwa ugonjwa wangu. Kisha daktari akaniuliza swali moja.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Hapana. Siku ikikuzidia wewe hutaweza kuisoma kadi hii. Lazima awepo mtu anayejua. Nani?"

Nikataka kumtaja binti yangu. Dar es Salaam ni mbali kwa mtu anayetapika. Nikasema nitatafuta.

Nilirudi Mnyambe, nikakaa siku tatu namtafuta mtu huyo kichwani. Siku ya nne nikavuka mstari wa mihogo. Kuvuka hatua ishirini kulinichukua miezi saba. Mdogo wa marehemu alikuwa anapeta mtama, aliponiona nimesimama uwanjani kwake alitazama barabarani kwanza, kama kuna anayepita.

"Karibu shemeji. Kuna nini?"

Nikamweleza yote, tezi, vidonge, sindano, nikampa kadi. Hasomi vizuri kunizidi, akaifuata kwa kidole. Alipofika mwisho akasema, "Mimi nilishakulilia. Wiki ile uliyoanguka. Nilijifungia ndani nikalia yote, nikasema yakitokea nisihangaike."

"Pole."

"Umenipotezea machozi."

"Nisamehe."

"Sasa nikija huko kwako watu watasema."

"Usije. Uliza kutoka hapa. Nisipojibu ndipo uje, na kadi."

Akafikiri. "Na wakisema?"

"Waambie shemeji yako ana mimba."

Hakucheka sana. Lakini kadi akaikunja ndani ya kanga, pembeni, akafunga fundo.

Miezi mingi imepita sasa. Imeshatokea mara moja kwamba sikujibu, nilikuwa natapika tangu alfajiri, na akavuka ile mihogo akipiga kelele za kuita bodaboda kabla hajafika mlangoni. Nilichomwa sindano, nikarudi. Ndugu msomaji, kama una mzee wako anayekonda na mnasema ni mawazo, mkunjueni kiganja mkiangalie. Huenda ni mawazo kweli. Mpimisheni asubuhi.

Mimi weusi umepungua, mistari ya kiganja inarudi rangi yake. Nyumba haijabadilika. Jua likitoka juu ya mikorosho nasikia sauti kutoka ng'ambo, kavu, bila salamu ndefu, maana mwenyewe anasonga uji:

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Basi, hayo ndiyo maongezi yetu. Baada ya hapo siku inakuwa ndefu, na naikaa yote.